Akili ilifungika jukwaani: je, nifuate njia ya Ian Holm?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 41 na naigiza jukwaani tangu ujanani. Siku zote napewa nafasi za pembeni: mjomba mlevi, karani, askari, mganga. Mwaka huu nilipata nafasi kubwa kwa mara ya kwanza, na katika onyesho la tatu akili ilifungika, sikukumbuka hata neno moja. Mwenzangu aliniokoa kwa kurukia kurasa mbili mbele. Tangu siku ile, nikisikia tu watazamaji wakiingia ukumbini, mikono inatetemeka na kifua kinabana. Nimeshakataa michezo miwili. Rafiki yangu mpenzi wa filamu amenipa habari za Mwingereza Ian Holm: kwamba alikwama jukwaani mwaka 1976, akaondoka, akahamia kwenye filamu na huko ndiko alikofanikiwa. Ananishauri na mimi nihamie huko, kwa kuwa mbele ya kamera ukikosea mnarudia. Je, ndivyo ilivyokuwa? Na je, mtu wa nafasi ndogo kama mimi ana kazi ya kweli ya kulinda, au najidanganya?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja ili nione hasa kinachokuuma. Naona si kule kusahau maneno, maana hakuna mwigizaji wa jukwaani ambaye hajawahi kusahau. Kinachokuuma ni kwamba jambo hilo lilikupata katika nafasi kubwa uliyoisubiri miaka yote, na sasa umeanza kuamini kuwa jukwaa limekuhukumu: wewe ni mtu wa pembeni, rudi pembeni. Habari za Ian Holm zinaweza kukusaidia sana kuiondoa hukumu hiyo, ila si kwa namna rafiki yako alivyozisimulia. Ameshika katikati ya kisa, akaacha mwanzo na mwisho.

Mwanzo ni huu. Ian Holm alizaliwa Essex, mashariki mwa London, mwaka 1931. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na msimamizi wa hospitali ya wagonjwa hao, mama yake muuguzi. Alisomea uigizaji katika RADA, chuo maarufu cha uigizaji cha London, masomo yakakatizwa na utumishi wa lazima jeshini, na mwaka 1954 akaingia katika ukumbi wa Shakespeare kule Stratford-upon-Avon kama kijana wa kubeba mkuki na kusimama kimya nyuma ya wakubwa. Alikuwa mfupi, hana sura ya steringi wa mapenzi. Mwongozaji Peter Hall alipoanzisha kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare mwaka 1961, Holm alikuwa miongoni mwa waigizaji wake wa kudumu, na ndani ya miaka michache akawa Richard III na Henry V katika mfululizo mkubwa wa tamthilia za wafalme uliooneshwa 1963 na 1964. Mwaka 1965 akacheza Lenny katika The Homecoming ya Harold Pinter, mchezo ukaenda New York, naye akapewa Tony, tuzo kuu ya jukwaa la Marekani, mwaka 1967.

Nayataja haya kwa sababu yanavunja sehemu ya kwanza ya hadithi ya rafiki yako. Mtu aliyekwama mwaka 1976 hakuwa mgeni aliyepewa mzigo usiomfaa. Alikuwa miongoni mwa waigizaji hodari kabisa wa jukwaani Uingereza, mwenye zaidi ya miaka ishirini kazini. Tena hakuanza filamu baada ya kukwama: alikwisha kupata BAFTA, tuzo kuu ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji msaidizi kwa filamu ya 1968, The Bofors Gun, na alikuwa ameonekana katika filamu na televisheni mara nyingi.

Sasa mwaka 1976 wenyewe. Alikuwa akicheza Hickey katika The Iceman Cometh ya Eugene O'Neill. Ni mchezo mrefu ajabu, unaopita saa nne, na Hickey ni mfanyabiashara msafiri ambaye kila mtu jukwaani humsubiri. Akishaingia hunyamaza kwa nadra, na katika sehemu ya mwisho ana maelezo marefu ya kukiri, kurasa kwa kurasa, wenzake wakiwa wamekaa wakimsikiliza. Nafikiri hakuna nafasi nyingi zinazomwacha mwigizaji peke yake namna ile hali jukwaa limejaa watu. Katika maonyesho ya majaribio, kabla ya uzinduzi rasmi, Holm alivunjika. Alitoka jukwaani na hakuendelea na nafasi ile. Baadaye alieleza kwamba umakini ulikatika, na ukishakatika ubongo unajifunga. Ukiondoa mara chache, kwa zaidi ya miaka kumi na tano alikaa mbali na jukwaa.

Wala hakuwa peke yake. Mwigizaji Laurence Olivier, aliyeiongoza National Theatre, ukumbi wa taifa wa maigizo wa Uingereza, na aliyehesabiwa kuwa mkubwa wa wote, alipatwa na woga huohuo katikati ya miaka ya 1960 akiwa na umri wa karibu miaka sitini, ukamtesa kwa miaka. Alipocheza Othello, mhusika mkuu wa tamthilia ya Shakespeare ya jina hilo, alimwomba Frank Finlay, aliyecheza Iago, adui wa Othello, asiende chumbani kwake wakati Othello yuko peke yake jukwaani, bali asimame pembeni mahali ambapo Olivier angeweza kumwona. Mwigizaji mwingine wa Uingereza, Derek Jacobi, naye aliliepuka jukwaa kwa miaka kama miwili kabla ya kurudi mwaka 1982. Kwa hiyo wazo kwamba hofu hii ni ya wanagenzi, au ni dalili ya kutokuwa na kipaji, liweke kando. Mara nyingi huwapata watu waliobobea, kwa sababu wao ndio wanaojua vizuri nini kinaweza kuharibika.

Nikueleze kinachotokea mwilini, maana ukikielewa utaacha kukiogopa kama uchawi. Maneno ya mchezo hayakai kichwani kama kurasa unazozisoma. Baada ya mazoezi ya kutosha yanakaa kama mnyororo: neno la mwenzako linavuta hatua yako, hatua inavuta pumzi, pumzi inavuta sentensi. Mnyororo huo unakwenda vizuri zaidi pale ambapo huuangalii. Hofu inapopanda, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mdomo unakauka, pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani, na hiyo pumzi ya juu ndiyo sehemu kubwa ya kule kubanwa unakokusema. Lakini madhara makubwa zaidi ni kwamba akili inageuka kukuangalia wewe mwenyewe. Badala ya kumsikiliza mwenzako unaanza kujiuliza: sentensi ya tatu ni ipi? Na kwa kuwa umeacha kumsikiliza, kile kilichokuwa kinaivuta sentensi ya tatu hakikufikii. Ni kama mtu anayeshuka ngazi kwa kasi akaanza kufikiria mguu upi unafuata. Maneno hayajapotea. Ndiyo maana, nina hakika, uliyakumbuka yote ukiwa njiani kurudi nyumbani.

Kuna sehemu ya pili, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi juu yako. Ulipokataa mchezo wa kwanza baada ya tukio lile, bila shaka ulihisi nafuu. Kifua kilifunguka, usiku ule ukalala. Ubongo huichukulia nafuu hiyo kama ushahidi: tuliponea chupuchupu, kumbe jukwaa lilikuwa hatari kweli. Ukakataa wa pili, ushahidi ukaongezeka. Hofu ya aina hii hailishwi na tukio lenyewe, inalishwa na kukwepa. Usiku mmoja mbaya hauwezi kumweka mtu nje kwa miaka, ila kukwepa kunaweza. Ukinisikiliza katika jambo moja tu, liwe hili: usikatae mchezo wa tatu kwa sababu ya woga.

Lakini sikuambii urudi kesho kwenye nafasi kubwa. Hapa ndipo mwisho wa kisa cha Holm unapotufaa, ule ambao rafiki yako hakuusimulia. Holm alirudi. Mwaka 1993 alikubali kucheza Moonlight, mchezo mpya wa Pinter, katika ukumbi wa Almeida huko Islington, London. Tazama masharti ya kurudi kwake. Ukumbi ulikuwa mdogo. Mwandishi ni yule ambaye maneno yake yalikuwa yamemkaa kinywani tangu 1965. Na mhusika, Andy, ni mtu anayekaribia kufa, ambaye hukaa kitandani. Hakulazimika kutembea huku na huko akiwa ametawala jukwaa zima. Alilala, akasema, akasikilizwa. Siwezi kukuapia kwamba aliichagua nafasi ile kwa sababu ya kitanda, lakini kwa macho ya mwalimu, usingeweza kupanga ngazi bora zaidi ya kumrudisha mtu kwenye jukwaa. Miaka minne baadaye, 1997, akiwa na miaka 65, alicheza King Lear, mfalme mzee wa tamthilia ya Shakespeare, katika ukumbi wa Cottesloe, mdogo kuliko kumbi zote za National Theatre, chini ya uongozi wa Richard Eyre. Katika tukio la dhoruba alivua nguo zote, akabaki kama alivyozaliwa mbele ya watazamaji waliokaa hatua chache kutoka kwake. Huyo ndiye aliyetoka jukwaani mwaka 1976. Mwaka uliofuata alipewa tuzo kuu ya jukwaa la Uingereza, iliyopewa jina la Olivier yuleyule, na mwaka huohuo wa 1998 akapewa cheo cha Sir.

Kwako wewe, ngazi hiyo ina sura hii. Tafuta mchezo katika ukumbi mdogo, pamoja na watu unaowaamini, na nafasi ya kurasa mbili au tatu. Mwambie mwongozaji ukweli kabla ya mazoezi kuanza. Mwambie pia mwenzako mmoja. Olivier alimwambia Finlay, na kusema tu hupunguza mzigo, kwa sababu nusu ya nguvu ya hofu hii ni kuificha. Omba mtu akae pembeni na maandishi ya mchezo katika maonyesho ya mwanzo. Huenda usimhitaji hata mara moja, lakini mwili utajua yupo.

Na badilisha namna unavyojifunza maneno. Waigizaji wengi wa kwetu hukariri kama watoto wa madrasa, mstari baada ya mstari, wakiwa wamekaa. Hiyo inajenga mnyororo wenye uzi mmoja, ukikatika umekwisha. Jifunze ukitembea, ukiosha vyombo, ukipanda ngazi. Kwa kila sentensi jiulize mhusika anataka nini kwa yule anayeongea naye, ili hata neno likipotea, lile analolitaka libaki na likupe neno jingine la kuvukia. Kisha fanya zoezi ambalo watu huliogopa lakini ndilo tiba kubwa: mwombe mwenzako akupoteze makusudi. Aruke mstari, akupe neno lisilo lake, akae kimya. Ukishajifunza mara kadhaa kwamba unaweza kupotea na kurudi, akili inaacha kuuchukulia upotevu kama kifo. Hofu ikipanda ukiwa nyuma ya pazia, toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoivuta, mara kadhaa, na uangalie kitu kilicho nje yako: kitambaa cha maleba ya mwenzako, sauti ya mlango. Usirudie mistari yako dakika za mwisho. Na fahamu kwamba kilele cha hofu hakidumu; ukibaki mahali pale bila kukimbia, mwili hushuka wenyewe.

Kuna vidonge ambavyo baadhi ya wanamuziki na waigizaji hutumia, vya jamii ya propranolol, vinavyopunguza mapigo ya moyo na mtetemeko. Vinaweza kusaidia kwa muda, lakini havirudishi maneno wala havifundishi akili chochote, na kwa mwenye pumu ni hatari. Usivipokee kutoka kwa mwenzako wala usivinunue kienyeji. Ni daktari tu anayepaswa kukuandikia. Kuhusu pombe kidogo ya kutuliza, nitasema wazi: imewamaliza waigizaji wengi kuliko hofu ilivyowamaliza. Inalegeza mikono na kulegeza kumbukumbu pamoja nayo.

Mambo mengine hayatatuliki kwa barua. Kifua kikibana hata ukiwa nyumbani au ukipanda mlima, nenda hospitali upimwe moyo kwanza, kabla ya kuamini kwamba ni woga. Ukianza kusahau majina ya watu, miadi, au njia unayoipita kila siku, hilo ni suala jingine kabisa na linahitaji uchunguzi. Mwigizaji Mwingereza Michael Gambon aliacha jukwaa kwa sababu kumbukumbu yenyewe ilikuwa inamwacha, na alikuwa sahihi kuheshimu hilo. Na ikiwa hofu imeenea hadi kwenye daladala, msikitini au kanisani, sokoni, ikiwa hulali kwa wiki kadhaa, ikiwa unakunywa ili uweze kutoka nyumbani, au umewahi kufikiri kwamba ni heri usiwepo, usisubiri mchezo wowote. Hospitali kubwa za rufaa zina kliniki za afya ya akili, na tiba ya mazungumzo ya kumzoesha mtu hatua kwa hatua kile anachokiogopa hufanya kazi vizuri kwa hofu za namna hii. Kwenda huko si aibu.

Twende kwenye filamu. Rafiki yako ana hoja, nisimnyime haki yake. Mbele ya kamera maneno hujifunzwa kwa vipande vifupi, na ndiyo, mnarudia. Mwigizaji wa umri wako mwenye sura iliyoishi anaweza kupata kazi za kutosha katika tamthilia za televisheni. Lakini usiende ukidhani hofu haina nauli ya kukufuata. Kule unasubiri saa nyingi, kisha unaitwa ghafla, watu wengi wamekuzunguka na taa, na kila mnaporudia unajua ni kwa sababu yako na muda unakwenda. Mwisho wa hadithi unaweza kurekodiwa siku ya kwanza. Wapo ambao kwao hilo ni gumu kuliko jukwaa. Nenda kwenye filamu ikiwa unazitaka filamu. Ukienda kwa kukimbia, umeukataa mchezo wa tatu kwa jina jingine.

Na usisahau Holm alikwenda na nini. Mwaka 1979 alicheza Ash, afisa wa sayansi wa chombo cha anga, katika filamu ya Alien. Kabla ya kugundulika kwamba si binadamu bali mashine, kuna dakika ambapo yuko peke yake, anakimbia papohapo miguu ikipiga sakafu, kisha anakaa kuendelea na kazi. Ni kitu kidogo ambacho hakielezwi, na ukirudi kuitazama filamu mara ya pili kinakutia baridi. Mtu aliyebeba mkuki Stratford akajifunza kusimama jukwaani bila neno, akiwa bado na kazi ya kufanya, ndiye anayejua thamani ya dakika kama hiyo.

Hili linajibu swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo la kwanza moyoni mwako. Tazama filamu ya Chariots of Fire ya 1981. Holm ni Sam Mussabini, kocha wa mkimbiaji Harold Abrahams katika Olimpiki ya Paris ya 1924. Mussabini alikuwa kocha wa kulipwa, na wakati ule michezo ya waungwana haikuwataka watu wa kulipwa, kwa hiyo mbio kubwa za mwanafunzi wake zinakimbiwa naye yuko nje, katika chumba cha hoteli. Hazioni. Anachokiona dirishani ni bendera ikipanda, anachokisikia ni wimbo wa taifa, na hapo anajua wameshinda. Anakaa kitandani, anaipiga ngumi kofia yake ya majani hadi mkono unatokea upande wa pili. Kwa filamu ile aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, akashinda BAFTA na tuzo katika tamasha la filamu la Cannes. Steringi wa filamu ni wakimbiaji, lakini wengi walioitazama wanaikumbuka kofia ile.

Maisha yake yote ya kazi yalikuwa hivyo. Alikuwa Napoleon katika kazi tatu tofauti. Alikuwa sauti ya Frodo, shujaa mdogo wa The Lord of the Rings, katika mchezo wa redio wa BBC wa 1981, na miaka ishirini baadaye, katika filamu za hadithi hiyohiyo, dunia nzima ikamjua kama mzee Bilbo. Nafasi kubwa ya filamu iliyomstahili, wakili katika The Sweet Hereafter, ilimfikia mwaka 1997, mwaka uleule wa Lear. Alipofariki Juni 2020 akiwa na miaka 88, hakuna aliyeuliza kama nafasi zake zilikuwa za pembeni. Wewe una miaka 41. Mjomba mlevi, karani, askari na mganga uliowacheza si foleni ya kusubiri kazi ya kweli. Ndiyo kazi yenyewe, na kama umewatofautisha watu hao wanne kiasi kwamba mtazamaji hakujua ni mtu mmoja, basi una fani ambayo ni adimu popote.

Wale waongozaji wawili uliowakatalia, wapigie simu wiki hii. Mmoja wao bila shaka bado ana nafasi ndogo isiyo na mtu: mleta barua, mlinzi wa lango, jirani anayekuja kuomba chumvi. Mwambie kilichokupata, mwambie unataka kurudi kwa nafasi hiyo, na muulize mazoezi yanaanza siku gani.